Wembe wa Babu Hauna Wateja

Kindu, komini ya Mikelenge

Mwanangu,

Mguu wa mama yako mkubwa umepoa, dada yako amejifungua mtoto wa kiume, na mvua imebomoa choo cha jirani, si chetu. Mengine utayasikia ukija.

Nimekaa kuandika kwa sababu ya neno lililoletwa na yule mama anayeuza mawese, anayepanda Kalima kila mwezi. Anasema amekuona Jumapili sokoni, umeweka kiti kando ya kibanda, taulo begani, unawanyoa wachimbaji ndevu. Nikamuuliza, kwa mashine? Akasema la, kwa wembe mrefu wa kukunja, mpini wake wa pembe. Nikajua ni ule.

Sikuandiki kukugombeza kwa kuuchukua. Kama baba yako alikupa kwa mkono wake, au uliukuta umelala kwenye sanduku lake ukaondoka nao, hilo mtamalizana wenyewe. Kwa haki wembe ule ulikuwa wangu. Babu yako alipofariki nilikuwa Kibombo, na nilipofika vitu vilikuwa vimeshagawanywa: mdogo wangu, ndiye baba yako, akapewa wembe, mimi mkubwa nikapewa saa iliyosimama. Mimi niliyekuwa kinyozi! Lakini hayo ni ya zamani, nimeshayasahau.

Huyo mama alisema pia kwamba una kovu bichi chini ya taya. Basi mambo ni mawili kwa pamoja: wewe mwenyewe hujajua kujinyoa, na tayari unanyoa watu. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Naona waliosema hivyo hawakuwa vinyozi.

Nianze na wembe wenyewe, maana najua hukuelezwa. Babu yako aliupata kwa Mbelgiji mmoja aliyemwajiri kwa kazi za nyumbani hapa hapa Kindu, kabla ya uhuru. Mwaka 1960 yule bwana aliondoka na masanduku machache, na wembe ukabaki kwa babu yako pamoja na jiwe lake. Ukitazama kwenye shina, kabla makali hayajaanza, utasoma Solingen. Huo ni mji wa Ujerumani ambao mafundi wake wamefua visu na panga kwa karne nyingi. Chuma chake ni kile kinachopata kutu, tofauti na hiki cha vijiko vya siku hizi. Kwa unyevu wa Maniema, ukiuacha na tone moja la maji usiku kucha, asubuhi unakuta doa jekundu kwenye makali, na doa hilo ni pengo la kesho. Ukimaliza kunyoa, ufute, uuache wazi upate hewa, halafu uupake mafuta kidogo ya cherehani. Usipake mawese. Mawese yanaganda na kunata, na kila ukiukunjua unanuka jikoni.

Lile jiwe dogo ulilolikuta kwenye kitambaa, juu rangi ya maziwa yenye umanjano, chini buluu iliyoiva, usilinolee kisu cha kukatia sombe. Linatoka Ubelgiji, katika milima ya Ardennes, pande za Vielsalm, na walilichimba hasa kwa ajili ya nyembe. Ile sehemu ya manjano hukaa katika mishipa myembamba ndani ya mwamba, ndiyo maana wakaigandisha juu ya jiwe jingine ili isivunjike. Wewe unayeishi na watu wanaofuata mshipa wa bati chini ya ardhi huhitaji kuelezwa zaidi. Jiwe ni la mara chache, makali yanapokuwa yamechoka kabisa. Kazi ya kila siku ni ya ukanda wa ngozi.

Ukanda ufunge kwenye msumari, uvute hadi ukaze, usiuache ulegee tumbo. Wembe ulale bapa juu ya ngozi, mgongo utangulie, makali yafuate nyuma. Ukifika mwisho uugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, kisha urudi. Anayegeuza juu ya makali anaukata ukanda na kuuharibu wembe kwa mkono mmoja. Uende taratibu, kasi itakuja yenyewe. Nimewaona vijana wakiupiga ukanda kwa mbwembwe ili wapita njia wasikie mlio, na makali yao hayakati hata ugali.

Sasa uso. Ndevu uzioshe kwa maji ya moto na sabuni, ukae nazo hivyo hadi zilainike. Dakika unazookoa hapa utazilipa kwa ngozi. Brashi ukikosa, povu lipigie kiganjani. Vidole vitatu vishike shina, kidole cha mwisho kikae kwenye ule mkia uliopinda, mpini uwe umefunguka juu. Mgongo wa wembe uinuke kutoka kwenye ngozi kiasi cha theluthi ya pembe mraba. Ukiuinua zaidi unakwangua na kukata, ukiulaza sana unang'oa. Mkono mwingine ushike ngozi isikunjane. Na wembe uende mbele tu. Usiende upande hata upana wa punje ya mchele, kwa sababu wembe hausukumi nyama, ila ukiuvuta kufuata urefu wa makali yake nyama inafunguka kabla hujasikia maumivu. Kovu lako lilitoka hapo. Sijaliona, lakini najua.

Mwanafunzi huanza na mashavu, kuanzia sikioni kuteremka, basi. Zinazobaki azimalizie kwa kile kiwembe cha dukani. Hayo kwa wiki nzima. Wiki nyingine aongeze shingo. Kidevu na juu ya mdomo ni vya mwisho, maana pale mfupa unageuka na ngozi haina pa kuvutika. Mwalimu wangu hakunipa uso wa mtu hata mmoja mpaka nilipozoea kunyoa povu juu ya kibuyu bila kukwaruza ganda. Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi nimejinyoa kwa mkono wangu hadi leo, na macho haya unayajua yalivyo.

Kuna jambo ambalo mtu mwenye ndevu zilizonyooka hana haja ya kulijua, lakini sisi tunalo. Ndevu zetu zimejikunja. Ukivuta ngozi kwa nguvu na kuzikata chini kabisa, ukiachia zinazama ndani, na zinapoota tena ile ncha kali inajipinda na kuichoma ngozi kutoka ndani, au inatoka na kurudi kuingia pembeni. Ndivyo vinavyokuja vipele vya shingoni, vinawasha, vinatunga usaha, mwisho vinaacha weusi. Wembe wa kukunja unakata chini sana, kwa hiyo unaleta balaa hilo upesi kwa asiyejua. Dawa yake ni kutotaka ulaini. Pitisha kiganja kwanza ujue ndevu zinalala upande gani. Shingoni kwa watu wa ukoo wetu huzunguka, upande mmoja zinashuka na mwingine zinapanda. Nyoa kufuata zinavyolala, mara moja tu, usirudi kinyume chake kutafuta kung'aa. Jioni ukijishika kidevu usikie zipo kidogo. Kama vipele vimeshatoka, weka wembe chini mpaka vitulie, wala usivitumbue kwa kucha. Najua wachumba wa siku hizi wanapenda shavu laini. Watazoea.

Sasa nirudi kwenye kile kiti cha sokoni.

Wembe wa babu hauna wateja, mwanangu. Una mwenyewe mmoja, naye ni aliyeushika wakati huo. Babu yako hakuwahi kumnyoa mtu kwa wembe ule, hata mimi mwanawe siku ya harusi yangu. Alinipa pesa niende kwa kinyozi. Wakati ule nilichukia, nikaona ni ubahili. Sasa naelewa: mtu akinyolewa, hata akinyolewa vizuri, makali huweza kuondoka na damu ambayo jicho halioni. Ugonjwa wa ini, ule wa aina ya B, virusi vyake vinaweza kukaa siku saba nje ya mwili vikiwa bado vinaambukiza. UKIMWI sihitaji kukuhubiria, mmesoma shuleni. Na hapa kwetu Maniema ndui ya nyani si hadithi. Utajuaje kipele cha mchimbaji aliyetoka porini jana ni kipele gani? Wewe unaupangusa wembe kwa taulo, unauchovya kwenye ndoo ile ile, unasema mwingine aje. Huko si kusafisha. Maji ya klorini yanaua vijidudu na yanakula chuma. Kuuchemsha kunaharibu pembe ya mpini na kuleta kutu. Pombe ya hospitali inasaidia kiasi, ikipewa muda, na sidhani kama kuna mchimbaji wa Kalima atakayekaa Jumapili yake akitazama wembe ukiloweka.

Nitakusimulia jambo ambalo baba yako hajakusimulia.

Waasi walipouteka mji huu, Oktoba 1998, treni za kusini zilikoma. Chumvi, sabuni, nguo, kila kitu kikawa cha ndege, na kikifika kilikuwa kwa bei ya dhahabu. Baadaye, mwaka 2002, wapiganaji wa Mai-Mai wakauzingira mji, watu wakaogopa hata kwenda kuchuma muhogo wao wenyewe. Katika hali hiyo nani atasafirisha nyembe za paketi? Zilizokuwepo tulizikata nusu kwa nusu. Mimi nilikuwa na kibanda changu karibu na stesheni, na nikaweka sharti: kila mteja aje na kiwembe chake, hata kama ni kile alichokitumia juzi, kiwe chake tu. Asiye nacho nilimpunguza ndevu kwa mkasi. Watu wakanicheka. Wakaniita kinyozi asiye na wembe. Njaa niliyoiona miezi ile hata mama yako mkubwa hapendi itajwe.

Upande wa pili wa barabara akatokea jamaa mmoja mwenye wembe wa kukunja, mrefu, mzuri, karibu sawa na wetu. Sitamtaja, amekwisha kufa na watoto wake wapo. Alikuwa na mkono mwepesi, hilo sitamnyima. Alinyoa askari, akanyoa wauza samaki, akanyoa mapadri na mashehe, kwa kikombe cha mchele au kipande cha sabuni. Foleni ilifika hadi mlangoni kwangu. Watu walikuwa wanakaa kwenye benchi langu kungojea zamu yao kwake.

Haikuchukua muda videvu vikaanza kuugua. Kwanza uwekundu kwenye shina la ndevu, kisha kijipu kwenye kila unywele, kisha vijipu vinaungana na kuwa kidonda kimoja kinachotoa maji ya manjano na kushika gamba. Ukivuta unywele unatoka wenyewe bila maumivu. Vinyozi wa zamani wanaujua ugonjwa huo, unatembea na wembe kutoka kidevu hadi kidevu. Katika mji wenye dawa ni jambo la kwenda zahanati. Sisi dawa tungezitoa wapi? Watu walipaka majivu, wakapaka mafuta ya gari, mmoja akapaka maji ya betri, usiniulize yaliyompata.

Na miongoni mwao alikuwa baba yako. Ndiyo. Kibanda cha kaka yake kipo, yeye akavuka barabara, kwa sababu kwangu aliambiwa aje na kiwembe chake na yeye akaona namdharau mbele za watu. Huku wembe wa baba yetu umelala kwenye sanduku lake, akiutumia kufungulia magunia! Yale mapengo mawili uliyoyakuta karibu na ncha yametoka kwenye uzi wa magunia. Alikaa ndani karibu mwezi mzima, amejifunga kitambaa usoni, anakula uji. Mama yako alikuwa anakuja kwangu usiku kuniomba maji ya chumvi ya kumsafisha, na chumvi hiyo mimi niliipata kwa kuuza kiti changu kimoja. Kile kipande cha kidevu chake upande wa kushoto kisichoota ndevu, ambacho amewaambia ninyi watoto kwamba ni risasi ya vita, kilitoka hapo. Usimwambie nimesema. Au mwambie, mimi ni mkubwa wake.

Alikuwepo jirani yetu mwingine, fundi baiskeli, mteja wa kila Ijumaa wa yule jamaa. Yeye kidevu chake kilipona. Baadaye macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji, tukamzika. Hakuna aliyempima, hapakuwa na wa kumpima, kwa hiyo siwezi kukuambia ni wembe. Nakuambia tu kwamba yule jamaa alipokufa naye macho yake yalikuwa ya manjano.

Ndiyo maana niliposikia habari ya kiti chako sikulala.

Tena kuna lingine linalofuata kiti. Ukishajulikana una wembe mkali, atakuja mganga akuombe akachanjie watu chale, atakuja mzee akuombe wa tohara ya wajukuu. Watakuja kwa heshima, na kuku mkononi. Kataa. Sema ni wa marehemu, umekatazwa. Watu wetu hiyo wanaielewa haraka kuliko habari za virusi.

Sikukatazi kazi ya kinyozi. Ni kazi ya heshima, na kama iko katika damu yako haikutoka mbali: babu wa babu yako alikuwa kinyozi Kasongo zama za Tippu Tip, ndivyo tulivyoambiwa, na vichwa alivyonyoa sitavitaja, utasema najisifu. Baba yako aliona aibu kuwa na kaka kinyozi. Karo yako ya darasa la sita ilitoka kwenye ndevu za watu, aulizwe kama anabisha. Lakini kazi ina vyombo vyake. Kwa wateja kuna kishikio kinachofanana na wembe wa kukunja, ambacho unakivunjia nusu ya kiwembe cha paketi, unamnyoa mtu mmoja, unakitoa mbele ya macho yake, unakitupa kwenye kopo lenye kifuniko, unaweka kingine kwa anayefuata. Kopo likijaa uzike mbali na watoto. Mikono inajifunza yale yale, pembe ile ile, ngozi ile ile. Na mteja akija na vipele usoni, hata akilipa mara tatu, mpe mkasi.

Usishike wembe ukiwa umekunywa, wala ukiwa na homa ya malaria, mkono unatetemeka. Shabu uwe nayo karibu kwa michubuko. Inachoma lakini damu inakata. Usikopeshe wachimbaji, hawa leo wapo, kesho wako Punia. Chandarua tumia. Mama yako mtumie kitu, hata kidogo, yeye haombi ila anahesabu. Sala usiache.

Barua hii anakuletea huyo huyo mama wa mawese. Atavuka Alunguli kwa mtumbwi alfajiri na kupanda pikipiki, kwa hiyo itakuwa na alama za mawese, usinilaumu. Amebeba pia kishikio kimoja na paketi za nyembe. Nimenunua kwa pesa yangu. Baba yako akijua atasema najipendekeza, basi asijue. Jumapili ijayo kwenye kiti kile kikae kishikio hicho, na wembe wa babu ubaki nyumbani kwa ajili ya mashavu yako mwenyewe, na mashavu tu, mpaka nikuone.

Nijibu kwa maandishi, usinitumie maneno mawili kwenye simu ya mtu. Niambie umewanyoa wangapi na kama kuna aliyerudi analalamika kidevu. Huyo apelekwe hospitali, usimpake chochote. Na wewe ukapime damu, kwa hilo kovu.

Kama unaona huwezi kukaa na wembe ule bila kuutoa nje, mimi sikulazimishi. Mpe huyo mama anirudishie, anashuka Kindu Alhamisi. Nitautunza mpaka utakapokuwa tayari, na yale mapengo mawili nitayaondoa taratibu, bado mkono upo. Uufunge kwa kitambaa chenye mafuta, usiufunge kwa gazeti, gazeti linashika maji. Na jiwe. Usisahau kumpa na jiwe.

Wako,
Baba yako mkubwa